Muhuri Kwenye Ukuta wa Hortense

Mpaka leo ukitaja sheria ya nyufa mbele ya watu wa mtaa wetu, wanasonya. Wanasema ilikuwa sheria ya Wazungu ya kutufukuza mjini. Mimi nawaacha waseme, halafu nakasirika peke yangu. Nilikuwemo. Ukiisoma neno kwa neno, sheria ile ilitaka watu wasiangukiwe na kuta zao, basi. Kilichoharibika kilikuwa ndani ya ndoo yangu, na hakuna mtu mwingine aliyeikoroga.

Jina langu ni Donat, fundi mwashi. Mwaka ule wa hamsini na mbili nilikuwa kapita, yaani msimamizi, wa waashi katika ofisi ndogo ya ujenzi iliyosimamia nyumba za cité, upande wetu sisi weusi, hapa Élisabethville. Tetemeko la ardhi lilitupata Jumapili moja ya mwezi wa tano, tukiwa misani, padri ndiyo kwanza anaanza kuhubiri. Taa zilicheza kwenye minyororo yake, kisha mabenchi yakaanza kutembea na watu juu yake. Halikuchukua hata muda wa kusali Baba Yetu moja. Cité hakufa mtu. Lakini mjini kwa Wazungu dohani moja, bomba la moshi la juu ya paa, liliangukia baraza watu wakinywa kahawa, na mwezi haukuisha kabla sheria haijatoka.

Ilisema hivi. Kila nyumba yenye ufa unaoingiza ukucha wa kidole gumba ipigwe alama nyekundu mlangoni. Juu ya ufa kiwekwe kibandiko cha jasi, ule unga mweupe ambao Wazungu wanauita plâtre, upana wa kiganja, kishike pande zote mbili, na tarehe ichorwe juu yake kwa msumari. Kwa sababu ya tarehe ile, sisi tulikiita muhuri. Baada ya siku thelathini fundi arudi kuangalia. Jasi ikishakauka hainywei wala hainyooki, kwa hiyo ukuta ukisogea hata unene wa unywele, jasi inapasuka. Muhuri ukiwa mzima, ufa unazibwa na maisha yanaendelea. Muhuri ukiwa umepasuka, nyumba inabomolewa, na mwenye nyumba anapewa siku nane za kuandika barua ya kupinga. Tena, nyumba yenye alama nyekundu isiyopata muhuri ndani ya siku kumi na tano ilihesabiwa kuwa mbovu, wenyewe watoke.

Cité tulipiga alama nyekundu milango mia moja na tisini. Jasi ilikuwa inatoka kusini kwa treni, inapita Sakania mpakani, na iliyofika kwanza ilikwenda mjini kwa wenye dohani. Mkubwa wangu, Bwana Deckers, alinikabidhi mfuko mmoja tu. Nilimwambia hautatosha hata nusu ya nyumba. Akasema mwingine unakuja. Siku ya tisa haukuja, siku ya kumi na moja haukuja, na mfuko ulikuwa unaonyesha kitako.

Basi nikafanya ujanja. Pemba kila mtu wa Katanga anaijua, ule udongo mweupe wa mtoni ambao mama zetu wanapaka kuta nyumba ing'ae. Sisi waashi wa cité tulizoea kuongezea pemba kwenye chokaa ili ndoo ifike mbali, na hakuna ukuta uliolalamika. Nilichanganya pemba kidogo kwenye jasi. Rangi ilikuwa ileile. Ikashika vizuri, ikakauka vizuri. Nikaongeza. Mtaa baada ya mtaa nilizidi kuongeza, na nilikuwa nacheka moyoni, kwamba Donat amewaokoa watu ambao Sakania imewasahau. Sikukumbuka jambo ambalo hata mwanafunzi wa uashi analijua, kwamba udongo ukikauka unajikunja. Kwenye chokaa ya kupaka, hilo si kitu. Kwenye muhuri, ndilo jambo lenyewe.

Nyumba ya Hortense niliiweka ya mwisho kabisa, kwa heshima. Nilitaka nikifika pale niwe nimemaliza, nikae, nile, nisimkimbilie kama karani wa kodi. Hortense alikuwa mjane wa rafiki yangu Adalbert, tuliyejifunza uashi pamoja tangu tukiwa wabeba maji. Adalbert alikufa kwa kifua mwaka wa arobaini na tisa. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake. Matofali alifyatua mwenyewe kwa udongo wa kichuguu, akayachoma, na lile lililotoka limepinda alilitupa. Alimwachia mke wake nyumba hiyo, na mtoto mmoja, Agnès, aliyekuwa akisoma mwaka wa tano kwa masista.

Siku ile alitupikia bukari na sombe, ugali wetu na kisamvu. Tulikula tukazungumza habari za marehemu. Nilipobandika muhuri, Agnès akaomba yeye achore tarehe, maana mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Nikampa msumari. Aliandika polepole, ulimi umetoka pembeni, na sifuri yake ilikuwa duara safi. Ndoo ya siku ile ilikuwa karibu pemba tupu.

Lazima niseme kilichokuwa kinamngoja Hortense, maana asiyejua atadhani ni nyumba tu. Mjane asiye na kazi hakuwa na haki ya kukaa cité ila kwa sababu ya nyumba ya mume wake. Nyumba ikiondoka, kibali kinaondoka nayo, anapewa karatasi ya treni mpaka Bukama, na kutoka Bukama anapanda boti ya mtoni mpaka kwao Ankoro. Huko alikuwepo kaka mkubwa wa Adalbert, mtu wa wake wawili, ambaye tangu msiba alikuwa akituma salamu kwamba anamngoja amrithi. Hortense alikuwa amekataa mara tatu. Aliniambia mwenyewe kwamba anakataa kwa sababu ya Agnès, kwa kuwa huko shule ya wasichana hakuna, na msichana akifika miaka kumi na minne wanamtafutia mwanamume.

Mwezi wa saba, baridi ya asubuhi na upepo mkavu wa kupasua midomo, tulirudi kusoma mihuri, mimi mbele na Bwana Deckers nyuma yangu na daftari. Mitaa ya kwanza yote ilikuwa mizima. Ufa na ufa, muhuri na muhuri, mzima, mzima. Kisha tukafika kona niliyoanzia pemba. Muhuri wa kwanza ulikuwa na mstari mwembamba katikati. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu umefunguka kabisa. Nyumba ya nne ndipo nilipoelewa. Kuta hazikuwa zimesogea. Mihuri ndiyo iliyojipasua yenyewe, na jinsi nilivyoongeza pemba ndivyo ilivyozidi kupasuka.

Bwana Deckers alikuwa anaandika. Mimi nilikuwa nasema. Nilisema imepasuka, imepasuka, nyumba baada ya nyumba, kwa sababu ilikuwa kweli imepasuka na yeye alikuwa anaona kwa macho yake. Nyumba arobaini na moja. Ya mwisho ilikuwa ya Hortense. Alitoka akifuta mikono kwa kitenge, akaangalia muhuri, akaniangalia mimi. Mstari ulikuwa umepita katikati ya tarehe ya Agnès. Sikuweza kumtazama usoni, nikamwambia Bwana Deckers kwa sauti ndogo kwamba na hii imepasuka.

Alasiri ile ile nilikwenda ofisini nikamwambia Bwana Deckers yote, mfuko, pemba, kona niliyoanzia. Sijisifu kwa hilo, natoa habari tu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniambia ripoti imekwisha kwenda juu na sahihi yake iko chini. Sheria inataja muhuri uliopasuka, akasema, haitaji umepasuliwa na nini. Ripoti ikirudishwa, watauliza ni nani aliyeharibu jasi ya serikali, naye hatakuwa na jina lingine la kutaja ila langu. Nitafukuzwa, na mimi na mke wangu Germaine na watoto wetu tutapewa karatasi ya treni kama wale wengine. Akanimiminia kahawa. Akasema kwa upole kwamba jambo zuri ni watu wasiandike barua nyingi za kupinga, kwa sababu kila barua italeta maswali. Nilikunywa kahawa yake.

Mtu wa kwanza kuandika alikuwa Alexis, Mkasai, karani wa duka la Mgiriki, ambaye alikuwa anajua Kifaransa cha sheria. Aliisoma sheria yote, akakuta kifungu kinachosema mwenye nyumba anaweza kudai kipimo cha pili, cha kioo. Kipande chembamba cha kioo kinagandishwa juu ya ufa pande zote mbili, na ukuta ukisogea kinakatika. Alexis akadai kioo chake, halafu akazunguka mtaani akiwaambia wengine wadai. Wengi waliogopa. Sisi watu wa kaskazini mwa Katanga, wengi walikuwa wakisema Mkasai anapenda kesi, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakisema hivyo kwa sauti.

Siku ya sita Hortense alikuja kwangu. Germaine alimpa kiti, yeye akabaki amesimama.

"Shemeji, Alexis anasema niandike barua, balete kioo. Miye sijue mambo ya sheria. Weye njo fundi. Niandike ao niache?"

Nataka mjue kwamba nilipata muda wa kufikiri. Nilimwona Bijou, binti yangu aliyesoma na Agnès kwa masista, anaosha masufuria uani. Niliona karatasi ya treni yenye jina langu. Niliona pia kwamba kioo kikiwekwa kwenye ukuta wa Adalbert kitakaa kizima mpaka siku ya kiama. Yote hayo niliyaona, halafu nikafungua mdomo.

"Acha, Mama Agnès. Ile ukuta iko inatembea. Itakuangukia na mutoto."

Akaniambia aksanti. "Kama ni weye unasema, basi. Niko nakwenda kufunga bintu." Akamsalimu Germaine vizuri akaondoka. Germaine aliniuliza kwa nini nimeacha chakula. Nikasema tumbo.

Walioandika walikuwa watano tu. Nyumba thelathini na sita tukaanza kuzibomoa, na kapita wa kubomoa nilikuwa mimi, maana ofisi haikuwa na mwingine. Nyingi zilikuwa za matofali mabichi, zikashuka upesi, na vumbi lake lilinisaidia kufunga macho. Nyumba ya Hortense niliichelewesha mpaka mwisho tena. Nilitumaini treni yake ingekuwa imeondoka. Lakini treni ya Bukama ilikuwa ya saa nane mchana, nasi tulipangiwa asubuhi. Alikuwa amekaa juu ya godoro lililofungwa, ng'ambo ya barabara, masufuria kwenye kapu, Agnès kando yake amevaa sare ya shule, maana ndiyo ilikuwa nguo yake nzuri.

Tulikuwa wanaume wanane wenye nyundo na mitaimbo. Paa tulilishusha kwa saa moja. Kisha tukaanza ukuta wenye ufa, uliohukumiwa. Nyundo ya kwanza ilirudi. Ya pili ikarudi. Chileshe, Mbemba mmoja mwenye mabega mapana ambaye wengine walikuwa wanamwita Tingatinga, alipiga mahali pamoja mara ishirini akatoa kipande cha ukubwa wa ngumi. Walianza kucheka. Saa nne walikuwa wameacha kucheka. Saa tano ukuta ulikuwa umesimama, na wanaume wawili wamekaa chini viganja vinatoka damu.

"Kapita," Chileshe aliniuliza, akijifuta jasho, "hii nyumba nani alisema iko inakufa?"

Akasogea kwenye ufa, akaweka mtaimbo chini ya muhuri aung'oe apate mahali pa kuanzia. Muhuri haukung'oka kama jasi inavyong'oka, kwa bonge gumu. Uliporomoka ukawa unga mkononi mwake. Aliusugua kwa vidole, akaunusa, akageuka.

"Hii haiko plâtre, kapita."

Alikuwa na sauti kubwa. Ng'ambo ya barabara Hortense alinyanyuka. Alivuka polepole, akapita katikati ya wanaume, akanyoosha mkono. Chileshe akampa kipande kilichobaki, chenye sifuri ya Agnès. Hortense hakukinusa. Alikivunja pembeni akaweka chembe kwenye ulimi, jinsi wanawake wetu wanavyoonja pemba wakiwa na mimba. Huwezi kumdanganya mwanamke wa Katanga kwa pemba. Ameila, ameikanda, amepaka kuta zake kila Noeli na kila Pasaka.

"Ni pemba," alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

Kisha akauangalia ukuta. Aliuangalia kutoka juu mpaka chini, pale walipopiga na usivunjike, na mkono wake ukaupapasa mara moja tu. Aliponigeukia sikuona hasira usoni pake. Laiti ningeiona. Ningejua la kufanya na hasira.

"Shemeji. Ile siku nilikuya kukuuliza juu ya barua. Ulikuwa unajua?"

Wanaume wote waliangalia nyundo zao. Ningeweza kusema hapana. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, tena ungekuwa mwepesi kuliko ule wa kwanza. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya kazi ya Adalbert, na tofali zake zilikuwa zimenishinda tangu asubuhi.

"Nilikuwa najua."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei. Kipande cha pemba alikitia kwenye pindo la kitenge akalifunga fundo. Siku nane za barua zilikuwa zimepita zamani, karatasi yake ya treni ilikuwa na muhuri wa ofisi, na nyumba haikuwa na paa. Alirudi ng'ambo, akamwambia Agnès abebe kapu. Nilikimbia nikachukue godoro niwapelekee mpaka stesheni. Hortense aliniambia niliache. Aliniambia "Bwana Donat", si shemeji, kisha akalitwika mwenyewe akaenda.

Ukuta ulilala siku ya pili, karibu saa nne. Niliinama kuangalia msingi. Ufa haukufika hata kwenye tofali. Ulikuwa kwenye lipu tu, urefu wa mkono, kitu ambacho mwashi anakiziba kabla chai haijapoa.

Nyumba ya Alexis ipo. Kioo chake walikisoma baada ya siku thelathini kikiwa kizima, na vya wale wanne wengine pia. Hakuna aliyeuliza jasi ilichanganywa na nini. Bwana Deckers hakutaja jina langu wala jina la mtu yeyote. Yote niliyoyaogopa hayakutokea. Alexis hakukiondoa kioo kile, anapenda kuwaonyesha wageni. Mimi nikienda sokoni nazunguka kwa mtaa mwingine, na Germaine haniulizi tena kwa nini.

Baada ya miaka mitatu Bijou alipata barua kutoka Ankoro. Agnès alikuwa na miaka kumi na minne. Aliandika kwamba mama yake yupo, ni mke wa tatu wa baba mkubwa, analima mihogo, na kwamba yeye mwenyewe ataolewa baada ya mavuno. Aliuliza habari za masista. Hakunitaja. Bijou alinipa barua nisome, maana hakujua nililomfanyia Hortense, na nikaisoma mara mbili nimesimama mlangoni. Sifuri za tarehe zilikuwa duara safi kama zamani.